Maswali na Majibu ya Uvuvi: Kipupwe Mtera, Hombolo, Bahi na Singida

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: kwa nini kuanzia Juni samaki wanaadimika Kanda ya Kati, na mtu afanye nini mpaka joto lirudi Septemba. Tumeanza na bwawa la Mtera kwa sababu ndiko barua nyingi zilikotoka.

Nyavu zinatoka tupu

*Habari za kazi wahariri. Natega Mtera upande wa Mpwapwa, nyavu za inchi 3, pisi sita. Aprili nilikuwa napata ndoo mbili za perege kwa usiku mmoja. Tangu Juni iingie napata nusu ndoo, tena ngogo wengi kuliko perege. Wenzangu wananishauri nishuke hadi inchi 2. Nifanyeje? (Mvuvi wa Mtera)*

Ndugu mvuvi, usishuke inchi. Perege wako hawakusinyaa ndani ya mwezi mmoja. Wamehama, na wavu wa macho madogo hauwafuati walikohamia. Utakachopata kwa inchi 2 ni watoto wao, na ofisa uvuvi akikukuta, hasara itakuwa mara mbili.

Kilichotokea ni hiki. Perege hula vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 11 au 10 huanza kufa. Mtera haifiki huko, maana bwawa likijaa uso wake uko mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, wakati Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100. Lakini maji ya pembeni yenye kina cha mita moja hupoa upesi usiku, na perege hana sababu ya kubaki pale. Anasogea kwenye kina, anatulia, anapunguza mizunguko. Wavu wa kutega haumfuati samaki, unamsubiri apite. Asipotembea, hanasi, hata kama wako mia chini ya mtumbwi wako.

La pili ni maji yenyewe. Mvua zikishakatika, Ruaha Mkuu na Kizigo vinaingiza maji kidogo, huku bwawa likiendelea kuzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na kulisha ile ya Kidatu, megawati 204, huko chini. Kwa hiyo ufukwe unarudi nyuma wiki hadi wiki. Mahali ulipotega Aprili juu ya majani yaliyofunikwa na maji, Julai ni pa kulishia ng'ombe. Ukiendelea kufuata alama zako za zamani, unatega kwenye maji ya magotini.

Kwanza tafuta joto liko wapi. Chukua chupa ya soda, ifunge jiwe la kuizamisha, izibe kwa kizibo kilichofungwa uzi wake peke yake. Ishushe kwa kamba uliyoipiga fundo kila mita. Ikifika mita 3, vuta uzi wa kizibo, subiri viputo viishe, kisha ipandishe haraka na utumbukize kipimajoto. Pima saa 12 asubuhi, nusu mita chini kwenye maji ya pembeni na mita 3 chini penye kina. Kama penye kina kuna joto kuzidi pembeni hata kwa nyuzi moja na nusu, samaki wako huko. Kipimajoto cha kawaida cha kioo kinatosha, mradi kisiwe kile cha homa, ambacho hakisomi chini ya 35.

Halafu shusha nyavu. Wavu wa inchi 3 wenye macho 26 kwenda chini, ukipandishwa kwenye kamba kwa nusu (yaani mita 100 za wavu ulionyooshwa kwa mita 50 za kamba), husimama kama mita 1.7 tu. Ukiuacha uelee kwenye maji ya mita 5, mita zaidi ya 3 za chini hazina mlinzi. Punguza maboya: kama yalikuwa kila hatua mbili, yaache kila hatua nne, na uongeze chubwi (vizito) kwenye kamba ya chini. Usibahatishe uzito. Kata kipande cha kamba chenye maboya mawili na chubwi zake, kitumbukize kwenye pipa la maji. Kinatakiwa kizame taratibu na maboya yabaki yameangalia juu. Kikizama puu, wavu utalala kifudifudi kwenye tope na utaopoa ngogo na matawi. Huenda hao ngogo wako wanatokana na hilo, maana ngogo ni samaki wa chini.

Mwisho ni muda. Perege hutembea zaidi jua linapozama na linapochomoza. Kutega saa 11 jioni na kuopoa saa 12 asubuhi kunashika nyakati zote mbili, lakini aliyenasa saa 1 usiku atakuwa amekufa ndani ya maji kwa saa nyingi, na mnunuzi ataliona hilo kwenye mashavu. Wavu unaoopolewa saa 3 usiku hutoa samaki wenye bei. Ila tunatahadharisha: saa hizo ndizo za kiboko kutoka majini kwenda malishoni, naye hurudi kabla hakujakucha. Njia yake ni mfereji uliochimbika ukingoni, wenye tope lililosagwa na majani yaliyolala. Usitege mbele ya mfereji huo, na usisimamishe mtumbwi kati yake na maji ya kina. Hizo ndoo mbili hazina thamani hiyo.

Mbalamwezi kamili pia hupunguza mavuno, kwa kuwa samaki anauona uzi. Siku tano za katikati ya mwezi mpevu zitumie kushona nyavu.

Upepo na visiki

*Migoli huku upepo wa Julai unatunyima kazi. Ukianza saa 4 asubuhi hauachi hadi magharibi. Na maji yakishuka, visiki vinachana nyavu. Kuna namna? (Vijana wa Migoli)*

Vijana wetu, upepo huo ni wa kusini mashariki, nao huvuma kipupwe chote. Unalala usiku na alfajiri, unaamka jua likishapasha ardhi. Ratiba ya kazi ijengwe juu ya hilo: uwe umeopoa na kurudi nchi kavu kabla ya saa 3 asubuhi. Kwa kuwa unasukuma kuelekea kaskazini magharibi, mawimbi makubwa yanaangukia upande wa Dodoma, na nyie wa upande wa Iringa mnapata maji tulivu karibu na kwenu. Udanganyifu uko hapo hapo. Mtumbwi unatoka Migoli kwenye maji laini, unafika katikati, unakutana na mawimbi yaliyopata nafasi ya kukua, na safari ya kurudi ni ya kupiga kasia dhidi ya upepo. Kabla ya kuvuka, angalia katikati, usiangalie miguuni.

Wakati wa kuopoa kukiwa na upepo, anzia ncha ya wavu iliyo upande unakoelekea upepo, ukivuta kuelekea unakotoka. Wavu unakuwa mbele ya mtumbwi, na mtumbwi hauupandi. Wengi hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi mikononi: upepo unasaidia kusukuma. Kisha mtumbwi unapita juu ya wavu, wavu unajizungusha kwenye kasia, na mtu anainuka kwenda kuunasua. Mitumbwi mingi hupinduka mtu anapoinuka. Jaketi okozi livaliwe. Likikaliwa kama mto, halimwokoi mtu.

Visiki ni miti iliyozama bwawa lilipojaa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mbao zake chini ya maji hazijaoza kama mnavyotarajia. Msitege kwa kukisia. Chukueni kamba ya mita 30, mfunge chubwi nzito katikati, watu wawili kwenye mitumbwi miwili waishike ncha na kuiburuta taratibu chini ya maji pale mnapotaka kutega. Ikikwama, wekeni chelezo cha chupa nyeupe hapo. Asubuhi mbili za kazi hiyo zinawapa ramani ya msimu mzima, ila kumbukeni kwamba maji yakishuka mita moja, kisiki kilichokuwa chini sana sasa kinagusa wavu. Wavu wa chini uachwe na nafasi ya sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafuni: fungeni chubwi kwa vigwe vya urefu huo, badala ya kuzibana kwenye kamba ya chini. Kigwe kiwe cha uzi dhaifu kuliko kamba. Chubwi ikinasa, kikatike kigwe, wavu ubaki salama. Chubwi ni bei ya soda, wavu ni bei ya mbuzi.

Sulunga linakauka

*Mbukwenyi! Huku Bahi maji ya ziwa Sulunga yanarudi nyuma kila siku na kambale wanabaki kwenye madimbwi. Watu wanawabeba kwa mikono. Je, tuwavune wote kabla hawajafa, au tuwaache? (Mkulima wa mpunga, Bahi)*

Mbukwa, ndugu mkulima. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya mashavu yake, ndiyo maana unamwona akipanda juu, akigugumia, na kuzama tena. Dimbwi ambalo perege amekufa zamani, kambale bado yumo. Lakini tope likishakauka na kupasuka, naye anakufa. Kambale si kamongo, ambaye hujifungia ardhini na kungoja mvua.

Kwa hiyo pima dimbwi kwa fimbo. Lenye maji ya chini ya goti mwezi Julai, lisilo na kivuli wala chemchemi, halitafika Desemba: vuneni. Lenye kina cha kiuno kwenye mkondo wa mto Bubu liachwe. Hao watakaobaki ndio watakaopanda kwenye majani yaliyofurika mvua za kwanza zikija na kutaga humo. Kambale hatagi kwenye maji yaliyotulia ya kiangazi. Anasubiri maji mapya.

Kwa kuvuna, mgono (mtego wa kusukwa) ni bora kuliko mikono. Mgono wenye mdomo wa sentimita 15, ndani umetiwa utumbo wa kuku au dagaa waliochacha kwenye kitambaa, uwekwe jioni sehemu moja ikiwa juu ya maji. Sehemu hiyo ya juu ni muhimu: kambale aliyenaswa bila nafasi ya kuvuta hewa hufa maji, ajabu kwa samaki lakini ndivyo ilivyo. Ukimshika, kidole gumba na cha shahada vipite nyuma ya miiba miwili ya mapezi ya kifuani, kichwa kikiwa kwenye kiganja. Miiba hiyo huchoma, na kidonda cha tope huvimba.

Vaeni mabuti. Madimbwi yenye konokono na watu wengi wanaooga ndiyo ya kichocho.

Wanaovua juu ya barafu

*Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Nimeona video za watu wa Ufini na Kanada wakitoboa barafu juu ya ziwa na kuvua samaki hai. Inawezekanaje samaki wasigande? Na je, kuna la kujifunza kwetu ambao kipupwe chetu ni sweta tu? (Mwanafunzi)*

Marahaba, kijana wetu. Maji yana tabia ya peke yake: huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa chini ya hapo yanakuwa mepesi na kupanda juu, kisha yanaganda juu. Kwa hiyo barafu inaelea kama mfuniko, na chini yake kunabaki maji ya nyuzi zinazokaribia 4 ambamo trauti na wenzake wa maji baridi wanaishi, wakitembea kidogo na kula kidogo. Perege wako angekufa ndani ya maji hayo.

Wavuvi wa huko hawakanyagi tu. Kwa mtu mmoja anayetembea wanataka barafu safi, ngumu, yenye unene wa angalau sentimita 10. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu kama nusu ya hiyo, kwa hiyo wanataka unene mara mbili. Barafu juu ya mkondo wa mto, au penye majani yaliyotokeza, haiaminiki hata ikionekana nene. Wanatoboa kwa keekee kubwa ya mkono au ya injini, tundu la upana wa sentimita 15 hadi 20, na mara kwa mara wanachota vipande vya barafu vinavyojaribu kuziba tena. Fimbo zao ni fupi, nyingi hazifiki mita moja, kwa sababu wamekaa juu ya tundu lenyewe.

Balaa lao kubwa si samaki kuganda. Theluji nene ikifunika barafu, mwanga hauingii, mimea ya majini inaacha kutoa oksijeni, na kwenye maziwa yenye kina kifupi samaki hukosa pumzi kabla ya majira kwisha. Hapo ndipo wanapofanana na sisi. Hombolo, bwawa lililojengwa 1957 na sasa lenye udongo mwingi chini, huonyesha ugonjwa wa aina hiyo bila barafu yoyote: usiku wa baridi wenye upepo huchanganya maji ya juu na yale ya chini yasiyo na oksijeni, na alfajiri unaona perege wamepanga midomo juu ya maji, pengine na harufu ya yai viza. Ukiwaona hivyo, vua asubuhi hiyo na uuze siku hiyo, maana samaki aliyechoka kwa kukosa hewa haozi taratibu.

La kuiga kwao ni chambo. Samaki aliye kwenye maji yaliyopoa havamii chambo kwa mdomo wazi, anaonja. Kwa hiyo kipupwe tumia ndoano ndogo kwa hatua mbili kuliko ya Machi, kipande cha mnyoo cha sentimita moja badala ya mnyoo mzima, na ukishushe hadi karibu na chini. Mshipi ukitikisika kidogo tu, vuta. Ukingoja uvutwe kwa nguvu, utasubiri mpaka Septemba.

Barafu ya kutosha

*Mimi ni mama, nauza samaki wabichi soko la Majengo. Nachukua Mtera kwa gari la abiria. Mzigo wa kilo 40 unafika, lakini siku ya pili mashavu yamekuwa ya kahawia na wateja wananikimbia. Nikitia barafu zaidi nakula faida yote. Kiasi gani kinatosha? (Muuza samaki)*

Mama, swali lako tumelipenda kwa sababu lina hesabu, na hesabu yake si ngumu.

Kilo 10 za samaki waliotoka kwenye maji ya nyuzi 25 zinahitaji karibu kilo 3 za barafu kupoa tu hadi kufikia sifuri. Kipupwe maji yana nyuzi 22 hivi, zinatosha kilo 2 na nusu. Kwa mzigo wako wa kilo 40, kilo 10 hadi 12 za barafu zinaisha kwa kupoza peke yake, kabla hata gari halijaondoka. Inayobaki ndiyo ya kulinda dhidi ya joto la njiani, na hapo chombo ndicho kinachoamua. Kwenye ndoo au beseni lililofunikwa kwa gunia, weka barafu sawa na samaki, kilo kwa kilo. Kwenye sanduku la foma lenye kifuniko kinachobana, nusu ya hapo: kilo 20 kwa kilo 40 zako. Foma moja iliyotumika, ikiwa haijapasuka, hurudisha bei yake kwa safari chache tu. Kwa maoni yetu, mama, tatizo lako ni beseni, si barafu.

Namna ya kupanga: barafu sentimita 5 chini, samaki safu moja, barafu, samaki, na barafu nyingi zaidi juu kuliko mahali pengine, maana joto linaingia kwa kifuniko na maji ya barafu yanashuka yakipoza waliopo chini. Barafu ya bonge ipondwe hadi ukubwa wa punje za mahindi ya kuchoma au ndogo zaidi. Bonge linagusa samaki sehemu mbili tatu tu, linabaki na ubaridi wake na samaki anabaki na joto lake. Toboa tundu dogo pembeni chini, maji ya damu yatoke. Samaki anayelala kwenye maji hayo ndiye wa mashavu ya kahawia.

Kingine kinaanzia ziwani, na hapo huna budi kuwa mkali. Perege aliyekaa wavuni usiku kucha ameshaanza kuharibika kabla hujamlipia. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba: nyama irudi mara moja. Jicho liwe limetokeza na jeusi, lisiwe limezama wala kuwa na ukungu. Funua shavu: jekundu la damu, lenye ute wa wazi. La waridi iliyofifia unaweza kununua kwa kukaanga leo, si kwa kuuza kesho. Muulize mvuvi aliopoa saa ngapi, halafu angalia magamba. Akisema saa 9 usiku na magamba yamekauka yamejikunja, amekudanganya.

Toa matumbo na mashavu ukiwa Mtera kama mvuvi anakubali kukuuzia baada ya kupima. Mtakosana kwenye uzito, lakini samaki aliyesafishwa na kuoshwa, akalazwa tumbo likiangalia chini kwenye barafu, anakupa siku mbili za ziada sokoni.

Bwawa la kufugia limenyamaza

*Nina perege 500 kwenye bwawa Ihumwa, wana gramu 100 hivi kila mmoja. Chakula kinabaki kinaelea. Wanaumwa? (Mfugaji)*

Hawaumwi, ndugu mfugaji, wanasikia baridi. Samaki 500 wa gramu 100 ni kilo 50. Kama ulikuwa unawapa asilimia 3 ya uzito wao, hiyo ni kilo moja na nusu kwa siku. Shusha hadi asilimia 1 na nusu, gramu 750, ugawe mara mbili: saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa limeshapasha maji. Asubuhi mapema usiwape kitu. Kisicholiwa kwa dakika 15 kitoe kwa chujio, kikioza kinakula oksijeni ya usiku. Kina kisipungue mita 1.2, na usivute wavu kuwapima uzito mpaka Septemba. Magamba yakichubuka kwenye baridi, ukungu mweupe unaingia.

Perege wadogo wa Singida

*Singidani tunapata perege wadogo wadogo wenye mayai mdomoni. Ni watoto wanaozaa? (Msomaji, Singida mjini)*

Si watoto, ni wakubwa wadogo. Kwenye maziwa yenye chumvi ya kanda yetu na jirani zake, yaani Singidani, Kitangiri, Eyasi, Manyara na Sulunga, kuna perege wa asili anayeitwa kitaalamu Oreochromis amphimelas, asiyepatikana nchi nyingine yoyote. Ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Ziwa linalopungua maji na kuongezeka chumvi humfanya perege azae mapema akiwa mdogo, maana hana uhakika wa mwakani. Mama hutamia mayai mdomoni na hali kitu wakati huo.

Ukimwopoa mwenye mayai na bado ana nguvu, mrudishe haraka bila kumgeuza kichwa chini, kwani akishtuka huyatema yote. Na tafadhalini, msipandikize perege wa kutoka mabwawa mengine Singidani kwa nia ya kuongeza ukubwa. Wakipona chumvi watachanganya damu na wa asili, na huyo wa asili hana makao mengine zaidi ya maziwa hayo machache.

Ladha ya tope

*Kambale na perege wa kipindi hiki wana ladha ya udongo hata nikiwaunga vizuri. Dawa? (Mama wa nyumbani, Chang'ombe, Dodoma)*

Ladha hiyo hutengenezwa na vijidudu vya majini na hujificha kwenye mafuta ya samaki, kwa hiyo kuosha kwa maji peke yake hakusaidii. Asidi huivunja. Loweka ukwaju kiganja kimoja kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, chuja, ongeza kijiko cha chumvi, laza vipande humo dakika 20 hadi 30, kisha suuza. Kambale mtoe ngozi na ule ukanda mweusi wa nyama ubavuni. Limao pia linafaa, ila ukwaju kwetu ni wa kuokota.

Ng'onda inaoza ndani

*Kipupwe hakina nzi wengi, nikadhani ndio wakati wa kuanika. Perege wangu wanakauka juu kwa siku moja, baada ya wiki wanatoa harufu ndani. Nakosea wapi? (Mchakataji wa samaki, Mtera)*

Kosa ni la upepo, dada, siyo lako. Upepo mkavu wa Julai unakausha ngozi ya nje haraka mpaka inakuwa kama kopo. Maji ya ndani yanakosa njia ya kutoka, na nyama karibu na mfupa inaoza huku juu pakigonga kama ubao.

Pasua kutoka mgongoni, si tumboni, ili sehemu nene ifunguke, na perege mkubwa kuliko kiganja mpige mikato sentimita 2 kwa 2 hadi karibu na ngozi. Chumvi kilo moja kwa maji lita 3, koroga mpaka iyeyuke, loweka saa 6. Siku ya kwanza anika kwenye kichanja kilichoinuka mita moja kutoka ardhini mahali penye kivuli chepesi au nyuma ya ukuta, upepo usiwapige uso kwa uso. Magharibi wapange wamebanana, nyama kwa nyama, wafunike kwa turubai na uweke mawe juu. Usiku maji ya ndani yanasambaa hadi nje. Asubuhi utawakuta wamelainika tena, na wengi hapo hudhani wameharibika. Waanike juani. Rudia kwa siku nne au tano. Kukagua, kunja samaki katikati: akivunjika bila kuonyesha unyevu penye uti wa mgongo, fungasha. Akijikunja kama ngozi ya kiatu, mrudishe kichanjani.